Sahani Mbele ya Baba Mkwe

Dada yangu alipoposwa, kila mtu aliusifu unene wake. Wazee wa upande wa mume walimtazama akipita na mtungi wa maji kichwani, wakanong'onezana kwa kuridhika, na ng'ombe wa mahari wakaongezwa bila ubishi. Nyumba iliyomlea, walisema, haijui njaa. Haukupita muda mrefu mwili uleule ukageuzwa kesi. Mtoto wake wa kwanza alifia tumboni siku ya kujifungua, na mkunga wa huko ukweni, karibu na Kahama, akatoa hukumu palepale: mama alikula mno, mtoto akanenepa, njia ikawa ndogo.

Mimba ya pili ilimrudisha nyumbani kwetu Samuye. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa likizo kutoka chuo kikuu, Uganda. Majirani waliuliza kama huko tunafundishwa kitu chochote zaidi ya ubishi.

Mama alikuwa na amri zake. Mjamzito hali mayai, mtoto atazaliwa kipara. Hali kambare. Hanywi maziwa mgando. Tumbo likishakuwa kubwa, apewe uji mwepesi na nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, tena bila karanga.

"Wewe ulikula mayai ulipokuwa na mimba ya baba yangu?" nilimuuliza.

"Baba yako nilimkuta amezaliwa, mjinga wewe."

"Basi kipara chake kimetoka wapi?"

"Kamuulize bibi yako."

"Bibi amekufa."

"Basi nyamaza."

Nilimpeleka dada kliniki mjini, tukapanda lori lililobeba pamba. Wakampandisha kwenye mizani. Daktari Mzungu akatazama, akasema maneno mengi, na muuguzi akayafupisha: apunguze ugali, ale mayai, maziwa na mboga. Nikauliza ugali kiasi gani ni mwingi kwa mwanamke anayeshika jembe tangu alfajiri. Daktari akajibu bila kuniangalia.

"Anasema wewe si mjamzito," muuguzi akatafsiri.

Kwa hiyo mama alikataza mayai na kliniki ikakataza ugali. Kama dada angewatii wote wawili, angebaki na maji.

"Wamenipima kama robota," alisema tulipokuwa tukirudi. "Pamba ina nafuu, haiambiwi iache kula." Tuliposhuka kwenye lori, njiani kwa miguu, akasema: "Yule niliyemzika, miezi yote ya mwisho nilikunywa uji tu. Mama mkwe aliupima mwenyewe kwa kibuyu. Mtoto alipokufa wakasema nilikuwa naiba chakula usiku. Safari hii nitakula, na nitazalia hospitali. Wakinirudisha kule, sitatoka na mtoto."

Sikujua kama alipaswa kula zaidi au kupunguza. Hata leo sidhani kama kuna aliyejua, si mkunga, si yule daktari. Nilichojua ni kwamba wote waliokuwa wakimpangia chakula walikuwa wameshiba.

Mume wake alikuwa akichimba dhahabu Geita. Akaagiza kwamba baba yake aje kumchukua, akae ukweni hadi ajifungue. Siku mzee huyo alipofika, baba yetu alikuwa ameenda mnadani kuuza ndama. Dada alikuwa uani, ameketi kwenye mkeka, mbele yake sahani ya ugali wa mtama na mayai aliyoyakaanga mwenyewe kwa samli. Mama alikuwa hasemi naye tangu asubuhi kwa sababu ya mayai hayo. Tukasikia baiskeli ikiegemezwa kwenye ua wa minyaa.

"Ficha sahani," mama alimnong'oneza. "Mkweo huyo."

Kwetu mkamwana hali mbele ya baba mkwe, wala baba mkwe hamtazami mkamwana akila. Akimkuta mkono uko sahanini, yeye ndiye anayerudi nyuma. Dada alilijua hilo vizuri kuliko sisi. Akamega tonge.

Mzee akaingia, akamwona, akageuka upesi kama mtu aliyefungua mlango wa bafu lenye mtu. Nikamfuata nje na kigoda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Anakula?"

"Anakula."

"Nitangoja amalize."

Akangoja. Kivuli cha minyaa kikamhama, akasogeza kigoda, kikamhama tena. Kupitia upenyo wa ua nilimwona dada akimega vitonge vya ukubwa wa punje ya karanga.

Mwishowe mzee akauambia ua: "Mkamwana, mumeo ameagiza nikuchukue."

"Shikamoo, baba. Siwezi kusimama, bado nakula."

"Chakula gani hicho kisichokwisha?"

"Mayai, baba."

Mama akajifunika uso kwa kanga. Huku nje, mzee akakohoa.

"Kwetu ulikuwa unakula hivyo?"

"Kwenu nilikunywa uji, baba. Ulikuwa unapita pale jikoni, ulikiona kibuyu. Uji ule ndio ulionenepesha mtoto?"

Mzee aliokota kijiti ardhini, akakivunja vipande, akavitazama. Halafu akanigeukia.

"Wewe msomi, ndiye uliyemfundisha haya?"

"Mimi hanisikilizi, baba."

"Hata mume wake hamsikilizi," alisema, na nilidhani angetabasamu, lakini hakutabasamu. "Kibuyu nilikiona. Nilidhani wanawake wanajua." Akainuka, akashika baiskeli. "Akae huku. Azalie huko hospitali anakotaka. Nyumbani nitasema nilimkuta anakula, na hakuna atakayeniuliza kwa nini sikumnyanyua. Ila hayo mayai mimi sikuyasikia."

Nikarudi ndani.

"Kaenda?" dada akauliza.

"Kaenda. Unabaki."

Akaisukuma sahani, akapumua kwa nguvu, akanyoosha miguu yake iliyovimba. Kisha akasema kesho anataka maziwa mgando.

Mama aliinama, akaichukua ile sahani.

"Yako pale nyuma ya mlango," akasema. "Mimi sikupi. Lakini mikono unayo."