Radhi za Majirani

Jirani wa kwanza alikuja Jumatatu asubuhi na vipande vya mkate wa sinia. Akaniuliza hali, kisha akanishika mkono. "Mama, kama nilikukosea, niwie radhi." Nikacheka, nikamuuliza kwani waenda Hija? Akatazama chini.

Kufika Jumatano walikuwa wanne. Huku kwetu Mji wa Kale watu hutakana radhi kukiwa na safari, na wale hawakuwa na safari yoyote. Nikajua msafiri ni mimi.

Nilikuwa na uvimbe juu kidogo ya kifandugu, pale mgongo unapoishia. Kazi yangu ni kushona kofia, kutwa nimeketi, basi nikaulaumu mkeka. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa akinikanda, ndiye aliyenipeleka hospitali nikakatwa kipande cha nyama kikapimwe. Majibu alikwenda kuyachukua yeye. Akaniambia, "Ni mfupa umechoka tu, dada. Tulia." Nami nikatulia miezi minane, mjinga mimi, hata kuketi kukanishinda, nikawa nashona nimelala ubavu.

Alhamisi nikapanda tuktuk peke yangu, nikaenda kwa daktari. Alishangaa kuniona. "Mdogo wako alisema umekataa kupasuliwa."

Akanieleza taratibu. Ni saratani ya mfupa wa uti wa mgongo, ya nadra, na hukua polepole. Tiba yake ni kuikata yote ingali ndogo. Yangu bado yakatika, lakini imeshafika kwenye neva, na wakiikata huenda nisiweze tena kuzuia haja. Nikamuuliza, na miezi minane nyuma? Akasema pengine ningesalimika na hilo. Nikatia sahihi ya kupasuliwa mwenyewe.

Niliporudi nilimkuta mdogo wangu jikoni kwangu. Mtaa mzima aliuambia, mimi mwenye mgongo akaninyima. Hasira zilinipanda.

"Niliogopa hofu itakuua," akasema.

"Hofu ya nani? Yangu au yako?"

Akalia. Akasema niwie radhi, dada. Nikamwambia majirani wote nimeshawapa, yeye angoje.

Siku ya kulazwa alikuja alfajiri kunifungia nguo. Kisha akapiga magoti anivishe viatu, maana kuinama siwezi tena. Nikampa mguu. Radhi sikumpa.