Wote Wawili Waliharisha

Yaya, dada yangu mkubwa, alifika kwetu Kapata kutoka Musumba akiwa na mwanawe mgongoni na vumbi hadi kwenye kope. Watoto wetu walikuwa wa rika moja, wamepita miaka miwili. Kabla jua halijazama walishaanza kunyang'anyana kijiko.

Wa kwangu alipokuwa mchanga alipewa matone ya chanjo ya kuharisha. Wa yaya hakupata. Kwao kituo cha afya kiko mbali, na mvua hukata njia.

Hazikupita siku nyingi, wote wawili wakaanza kuharisha na kutapika.

"Sasa ile dawa ulimunywesha ilisaidia nini?" yaya aliniuliza tukifua nguo zao.

"Mi sijui, yaya."

Kweli sikujua. Nilijiona nimedanganywa, ila sikujua na nani. Wa kwangu alitapika, akalala, akaamka akitaka uji. Wa yaya alizidi kulegea. Macho yalizama, akilia hatoki chozi. Tukampakia kwenye pikipiki, tumembana katikati yetu, hadi kituoni. Wakamtundikia seromu, yale maji ya kupitisha kwenye mshipa.

Nilimwuliza muuguzi sababu, karibu kwa hasira: "Mama, wa mi alikunywa matone, na aliugua vilevile. Juu ya nini?"

"Bintu bya kuletea batoto kuhara biko mingi," alisema. "Matone inapiganaka na kimoja tu. Na hata kile, mutoto anaweza kukishika, lakini hakimuangushake sana."

"Basi ni matone ilisaidia wa mi?"

"Pengine, mama. Siwezi kuapa."

Nilitaka aape. Nilitoka nje nikasimama uani, nafurahi kwamba wangu yuko nyumbani anacheza, naona haya kufurahi.

Mtoto wa yaya alipona. Yaya akaomba naye apewe matone. Muuguzi akatikisa kichwa: yale ni ya watoto wachanga, huyu amepita. Alimchoma chanjo ya surua tu. Yaya alicheka, kisha akalia, nami sikujua nimshike mkono au nimwache.

Alirudi Musumba, akajifungua mwingine. Siku moja alinipigia simu, sauti ikikatikakatika.

"Nikimupeleka kwa matone, hataugua?"

"Anaweza kuugua, yaya."

Nilimsikia akihema, kama mtu anayetembea.

"Lakini umupeleke," nikasema.

"Niko mu njia," akajibu.