Mariette Kavuo na Makala ya Mpaka

Alizaliwa Lubero, mashariki mwa Kongo, tarehe 9 Februari 1961, katika baridi ya majira ya kupanda viazi, binti wa tano wa wakulima waliolima kilima kimoja maisha yao yote. Alibatizwa siku ya nane. Baba yake, ambaye hakujua kusoma, alimfundisha mambo mawili kabla ya shule: Salamu Maria, na jinsi ya kupanda mpaka. Kwetu, mashamba mawili yanapokutana, wazee hupanda mmea mgumu usiokufa upesi, na chini yake huzika makala, yale makaa ya kuni, kwa sababu makala hayaozi. Mmea huonwa na wote. Makala hujulikana na wachache. Mtoto huyo aliyabeba ndani ya kikapu nyuma ya baba yake.

Alisomea uuguzi kwenye shule ya misioni, na mwaka 1994 akaja Butembo, kwenye kituo cha afya cha Mususa. Hakuolewa, wala hakuingia utawa. Wito wake ulimjia mwaka 2009, siku wana wawili walipomleta mama yao mzee akiwa amefungwa kamba mikononi, wakaomba dawa ya kumlaza mpaka Mungu amchukue. Mariette alifungua kamba ile, akaipeleka nyumbani, na tangu hapo akaanikia nguo zake juu yake. Kisha aliomba chumba kimoja, akakipata. Kila Jumanne wazee ambao akili zao zilikuwa zimechoka walikuja pale. Walipewa dawa, walioshwa, walichambua maharagi pamoja, na jamaa zao walifundishwa kwamba kusahau kwa namna ile ni ugonjwa na si ulozi. Wengi wetu tulilisikia neno hilo kwake kwa mara ya kwanza.

Mwaka 2022 mpango wa huduma za afya ulibadilika. Chumba kilifungwa, na huduma yote ya wagonjwa wa akili ikahamishiwa Beni, mwisho wa barabara ambayo watu waliiogopa. Hakuna mzee aliyepelekwa. Wakabaki majumbani, na nyumba zikaanza kulegea. Nadège, mkwe wa mzee Syauswa, alifunga meza yake ya maharagi sokoni ili amchunge baba mkwe wake, na binti zake wakaacha masomo kwa zamu. Watu walisema hayo ni mambo ya nyumba ya Nadège. Hawakujua kwamba kilima kizima kilikuwa kinaegemea akili ya mzee huyo.

Kwa miaka thelathini Syauswa ndiye aliyeitwa kupanda mipaka pembezoni mwa Mususa, na neno lake lilimaliza ugomvi. Hapo ndipo watu walipokosea: walimwendea kwa ajili ya mipaka tu, na juu ya mipaka bado alisema kwa nguvu, hata alipokuwa hawajui tena wanawe. Asubuhi moja ya Septemba 2023 alimponyoka Nadège, akang'oa mimea kati ya shamba la Lusenge na la Maliro, akaipanda hatua nne ndani ya shamba la Maliro. Jamaa ya Lusenge walisema mzee ameamua, wakaanza kulima. Jamaa ya Maliro walisema mzee ni mlozi aliyenunuliwa. Kufika saa sita mchana pande zote mbili zilishika mapanga, mzee alikuwa amefungwa, na Gamaliel, mwana mkubwa wa Maliro, alikuja na bidoni ya petroli.

Nadège alikimbia kumwita Mariette. Mariette alifika na jembe begani. Gamaliel akamwambia, "Mama, toka hapo. Huyu ni mulozi."

"Gamaliel, weka bidon chini. Mimi natafuta makala."

Alichimba chini ya mimea mipya, hakuona kitu. Akarudi hatua nne, akachimba mpaka kina cha kiwiko. Mzee Syauswa, kamba mikononi, alimtazama akachukizwa. "Binti, nani alikufundisha kushika jembe hivyo?" Mtu mmoja akacheka, na wengine wakashindwa kujizuia. Makala yalikuwa pale, meusi kama siku yalipozikwa.

"Mupaka haikutembea," Mariette alisema. "Ni muzee alitembea, juu ni mugonjwa. Mulimuacha peke yake, sasa munataka kumuchoma juu ya ile mulimufanyia ninyi wenyewe."

Gamaliel aliweka bidoni chini. Mariette hakuondoka. Aliuliza nani atakaa na mzee kesho, na hakukubali kunyamaziwa. Kabla jua halijashuka, jamaa ya Lusenge na jamaa ya Maliro walikuwa wamegawana siku za kumchunga, na tangu hapo kila Jumanne wazee wote wa kilima walikuja uani kwa Mariette. Nadège alirudi sokoni, na binti zake darasani.

Lakini uani hapakuwa na dawa. Kwa hiyo kila mwezi Mariette alikwenda Beni kudai huduma irudi, akikaa siku nzima kwenye benchi mbele ya ofisi na orodha ya majina mkononi. Mashaka, msafirishaji Mwislamu, alimwekea kiti cha mbele garini mwake. Alimtania kwamba ofisi ile haitamfungulia kamwe. "Itanichoka," alijibu, "na mimi nitachoka nyuma yake."

Alhamisi tarehe 20 Machi 2025, safari yake ya kumi na saba, alianguka kwenye benchi lile kwa shinikizo la damu. Mashaka alimfikisha hospitali. Neno la mwisho la Mariette kwake lilikuwa, "Jumanne nani atafungua mulango?" Mashaka alimwahidi kwamba ungefunguliwa.

Alizikwa Mususa Jumamosi. Syauswa, ambaye kwa miaka miwili hakutaja jina la mtu, alitoka katikati ya waombolezaji na mmea wa mpaka mkononi, akaupanda kichwani pa kaburi, akasema, "Mariette." Hatuliiti jambo hilo muujiza, kupima ni kazi ya Kanisa. Tunasema tu tulichosikia.

Tangu Juni muuguzi hutumwa kutoka Beni na dawa, mara moja kwa mwezi. Jumanne nyingine ni zetu. Anayetaka kumfuata Mariette aje. Zamu ya Lusenge ina nafasi, na ya Maliro pia. Jumanne ile ya kwanza baada ya mazishi, mlango wa ua ulifunguliwa na Gamaliel.