Mbuzi alikula alama zetu za njiani: Pasaka yangu ya baiskeli na hema

Ilianza Jumamosi ya Pasaka, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, kwenye kituo cha mafuta hapa Ntinda, na mimi nilikuwa nimeshaenda choo mara mbili kwa wasiwasi.

Wakuu, habari zenu. Mimi ni yule msomaji anayepita kimya kimya, nasoma nyuzi zenu zote, nacheka peke yangu, sijawahi ku-comment hata neno. Huu ni uzi wangu wa kwanza. Sitaongeza kitu. Pale nilipolia nitasema nililia.

Kwanza mnijue. Mimi ni msichana wa Senior Three, yaani kidato cha tatu. Sisi ni Wakenya, baba anauza spea za magari, tumekaa Kampala tangu niko nursery. Na mimi ni mwoga wa watu. Si mwoga wa nyoka wala giza, ni wa watu. Mgeni akiingia sebuleni, mimi niko jikoni naosha vyombo vilivyo safi.

Sasa rafiki yangu Apio ndiye alileta hii plan. Baba yake ni polisi, wanakaa barracks. Kaka yake, Okello, ni mlinzi kwenye kampuni fulani, na ana wazimu wa mountain bike. Akasema Pasaka hii anatupeleka vilima vya mbele ya Gayaza, tulale kwenye hema, kesho yake turudi.

Tulikuwa watano. Okello, Apio, jirani yetu Kato, mimi, na binamu yangu Stella aliyekuja likizo kutoka Nakuru. Stella ni kinyume changu kabisa. Anaweza kuongea na nguzo ya umeme na ikajibu.

Baba alikubali kwa shida. Alisimama mlangoni na kikombe cha chai akaniambia:

"Saa kumi na mbili na nusu jioni nitapiga simu. Nataka kusikia sauti tatu. Ya Okello, yako, na ya Stella. Nikikosa moja, nakuja na pickup usiku huo huo, na baiskeli utaziona kwa majirani tu."

Baba hatanii, wakuu.

Pale kituo cha mafuta Okello akatupanga kama gwaride. Kiswahili chake ni kile cha barracks.

"Kila mtu iko na kazi yake. Mimi naenda mbele. Kato na Apio katikati. Stella atafuata. Wewe," akaninyooshea kidole, "wewe nyuma kabisa. Hauongei sana, unaangalia sana. Hiyo ndiyo kazi ya mtu ya nyuma."

Mtu wa nyuma, kwa wasiojua, hapiti mtu yeyote. Anabeba pampu na viraka vya pancha. Mwenzako akichoka, unachoka naye. Na kwenye kila njia panda, kiongozi anaweka tawi bichi kwenye njia aliyopita. Mtu wa nyuma analiona, anafuata, analiokota.

Nilijisikia vizuri sana. Mara ya kwanza kimya changu kinapewa kazi. Wakanifungia pia unga wa posho, ndiyo ugali wa huku, maharage na sufuria kwenye carrier, yaani chakula chote cha jioni.

Sokoni Kalerwe tulipita watu wakishusha matoke, Kato akipiga kengele kama rais anapita. Baada ya Gayaza lami ikaisha. Hapo ndipo raha ilianza.

Sijui niwaelezeje. Barabara nyekundu, mashamba ya kahawa huku na huku, unapanda mlima ukiwa kwenye gia nyepesi mpaka moyo unataka kutokea mdomoni, halafu unafika juu na unaachilia. Upepo unaingia kwenye helmet unapiga mluzi. Sufuria nyuma yangu ikilia kang kang kang, watoto wanakimbia wakishangilia. Mimi, ambaye shuleni sijibu swali hata nikilijua, nilipiga kelele. Kweli. Nilisema "Yuuuu!" na hakuna aliyenijua.

Kato alikuwa anageuka nyuma kunitania. "Mkenya, kanyaga! Hiyo baiskeri haikuli!"

Dakika hiyo hiyo akaingia kwenye mtaro. Tulicheka hadi Apio akakaa chini. Kato akatoka na tope mpaka kwenye nyusi, eti alikuwa ana-test breki.

Mchana mvua ikanyesha. Okello alikuwa ametubebea makoti ya mvua ya kijani, ya kazini kwao, makubwa, yanafika magotini. Tukavaa tukaendelea. Kumbukeni hayo makoti.

Jioni ikaanza kuingia. Stella akachoka, mimi nikachoka naye kama kazi inavyotaka. Wenzetu wakapotea mbele. Sikuwa na wasiwasi, matawi yalikuwepo. Njia panda ya kwanza, tawi. Ya pili, tawi. Ya tatu...

Ya tatu kulikuwa na mbuzi.

Amefungwa kamba kwenye kisiki, amesimama katikati, anatafuna polepole huku ananitazama. Mdomoni kinaning'inia kikonyo cha tawi na jani moja la fenesi. Nikaliona hilo jani likiingia ndani, taratibu, likaisha.

"Stella," nikasema, "amekula alama yetu."

Okello amekulia barracks, mbuzi anamjua kwenye sahani. Hakujua kwamba majani ya fenesi kwa mbuzi ni kama chipsi. Hizo mbili za kwanza zilipona kwa bahati tu.

Njia zilikuwa tatu. Zote zilikuwa na alama za tairi kwenye tope, za boda na za baiskeli, zimechanganyika. Simu ya Stella ilikufa zamani kwa kupiga video. Yangu ilikuwa na chaji, lakini Okello hapatikani, Apio hapatikani. Nadhani walikuwa bondeni.

Juu kidogo kulikuwa na senta ndogo, maduka machache, mama mmoja anakaanga kabalagala, zile chapati tamu za ndizi, na wanaume kwenye benchi wanacheza karata.

Stella akasema, "Ngoja niulize." Akaenda mbio na koti lake la kijani, helmet kichwani, akasimama mbele yao na Kiswahili cha Nakuru, sauti juu:

"Nyinyi! Mmeona watu wa baiskeli wamepita hapa? Wameenda wapi?"

Wakuu, mliokaa Uganda mmeshaelewa. Kiswahili huku wengi wanakijua kama lugha ya jeshi na polisi. Koti la kijani, kofia ngumu, amri, na wao wana karata na pesa mezani.

Karata ziliyeyuka. Pesa ziliyeyuka. Mmoja akaanza kutazama mawingu. Mwingine akakumbuka ana ng'ombe. Yule mama akageuza kabalagala ambazo zilikuwa zimeshageuzwa. Hakuna aliyeona baiskeli. Hakuna aliyewahi kuona baiskeli tangu azaliwe.

Stella akarudi ameduwaa. "Hawa watu wana nini?"

Hapo simu ikalia. Baba.

Nilifikiria kudanganya, sitawaficha. Nilifikiria kusema Okello anaoga. Lakini sauti tatu ni sauti tatu.

"Baba, tumepotea. Mbuzi amekula alama."

Baba akauliza, "Nani amekula nini?"

Nikaeleza. Nikaanza kulia hapo katikati, kwenye neno fenesi.

"Kuna watu hapo karibu?"

"Wapo. Stella ameuliza, wamekataa."

"Sijauliza habari ya Stella. Wewe umekaa nchi hii tangu ukiwa mtoto. Nenda uongee nao."

"Baba, naogopa."

"Najua. Giza likiingia napiga tena. Sauti tatu."

Akakata.

Niliangalia jua, lilikuwa limeshagusa migomba. Niliwaza Okello na wenzake kule chini bila posho, bila sufuria. Niliwaza pickup inakuja na taa zake, halafu Jumamosi zangu zote zilizobaki nikiosha vyombo safi.

Nikavua koti. Nikamwambia Stella avue lake pia na asiseme neno. Nikatembea hadi pale.

Sasa, Ntinda nimewaona wasichana wa jirani miaka yote. Kwa Waganda huanzi na swali. Unaanza na salamu, na msichana anasalimia akiwa amepiga magoti. Sisi nyumbani hatupigi magoti, kwa hiyo kila mara nilijificha nyuma ya geti, sijui kama inanihusu au nitachekwa.

Nilipiga magoti. Hapo hapo kwenye tope, na helmet kichwani, na kinga ngumu za plastiki nilizovaa magotini zikagonga jiwe: kwaa!

"Musiibye mutya, bassebo ne bannyabo?" Yaani mmeshindaje, mabwana na mabibi.

Wote wakageuka kunitazama.

Halafu yule mama akaweka mikono kichwani. "Maama! Bambi, maskini! Amevaa viatu vya magoti kuja kutusalimia!"

Benchi zima likaanguka kicheko. Yule wa mawingu alicheka hadi akakohoa. Lakini walinijibu. Mmoja mmoja. Tumeshinda vizuri, wewe umeshindaje, nyumbani hawajambo, poleni na safari. Nikajibu yote kwa Luganda changu kibovu, wakanirekebisha, nikarudia. Ilichukua muda, jua linashuka, Stella nyuma yangu anahema kama breki ya lori, lakini hakusema neno.

Tulipomaliza ndipo nikauliza habari za baiskeli.

"Si hao walionunua kabalagala zangu zote!" mama akasema. "Mmoja ana tope usoni. Njia ya kushoto, pita stoo ya kahawa, teremka mpaka bondeni. Wamesimamisha nyumba ya kitambaa karibu na kisima."

Mzee mmoja akauliza tulipoteaje. Nikamwambia habari ya mbuzi na majani ya fenesi. Jamani. Nilidhani watazimia. Kumbe mbuzi ni wa yule aliyekumbuka ng'ombe.

"Mkifika mtuambie," mama akasema. "Nisilale nawaza watoto wa watu."

Tuliteremka kama mawe. Moto ulikuwa umeshawashwa, Kato amekaa na kijiko mkononi anangoja chakula, Okello ndiyo kwanza anapanda baiskeli kuja kututafuta, uso umebadilika rangi. Aliponiona alishika kichwa. "Nilihesabu nyinyi mara mia!"

Simu ikalia giza likiwa linaingia, ikishika mstari mmoja wa network juu ya jiwe. Baba akasikia Okello. Akasikia Stella, ambaye alitaka kusimulia kila kitu. Kisha mimi.

"Umeongea nao?"

"Nimeongea nao."

"Haya. Kuleni." Nikasikia anamwambia mama yangu pale nyumbani, "Ameongea nao!"

Posho iliungua chini, maharage yalikuwa magumu, na ndicho chakula kitamu zaidi nimewahi kula.

Nilichojifunza, wakuu: alama ya njiani weka kitu ambacho mbuzi hali. Na mahali pa watu, salimia hadi mwisho, usikate katikati kwa sababu una haraka. Sijapona uoga, bado nipo vilevile, hata hii post nimeifuta mara kadhaa. Wenye uzoefu wa camping niambieni nyinyi mnaweka alama gani. Na wenye aibu kama mimi, andikeni hata nukta, nitajua mmepita.

Lakini nimalizie Jumapili asubuhi. Wenzangu wakiwa bado wamelala, nilitoka kwenye hema, nikapanda baiskeli peke yangu mpaka senta. Ngoma za kanisa zilikuwa zinaanza ng'ambo ya kilima. Mama alikuwa anamimina mafuta kwenye karai, hajaniona. Nikapiga magoti, nikamuuliza ameamkaje, nikamwambia tulifika. Akanipa kabalagala ya kwanza ya siku hiyo na kunisogezea benchi. Nikakaa nikala, na kila aliyepita akienda kanisani, nilimsalimia mimi kwanza.