Perege Mmoja wa Kitangiri

Mimi, balozi wa nyumba kumi, ndiye huwagombeza wavivu wa shamba la kijiji. Juzi, siku ya palizi, niliaga kwamba mama mkwe anaumwa huko Misigiri, kisha nikaenda na binti yangu kuvua katika ziwa Kitangiri. Kutwa nzima tulipata perege mmoja, mdogo kama kiganja chake.

Tulirudi kupitia shambani. Watu wakaacha majembe, wakatutazama. Binti yangu akamficha samaki nyuma ya gauni. Kwenye mstari wangu wa mtama alikuwa ameinama mama mkwe mwenyewe, anapalilia. Alikuwa amekuja kutusalimia.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Nimesikia hapa kwamba naumwa, nikaona nikumalizie mstari kabla sijafa.”