Neno Lililonibakisha Uroa

Mwani ukianikwa juani hutoa harufu nzito ya chumvi na kitu kama chuma chenye kutu. Mwaka niliomaliza darasa la saba, harufu hiyo ilijaa ukumbini kwetu Uroa, nami nilikuwa nimekaa mkekani na barua ya Kiingereza mkononi. Ilitoka kwa mgeni mmoja wa hoteli, mama wa makamo aliyezoea kununua sabuni za mwani za bibi yangu, Bi Mize, nilizokuwa nikimpelekea huko. Nyumbani tulikuwa wawili tu, na msomaji wa Kiingereza nilikuwa mimi. Nilifahamu kwamba barua inanitaja, na inataja skuli ya bweni mjini. Lakini katikati palikuwa na kitenzi nisichokijua: “bestow”.

Nilikwenda kuazima kamusi kubwa ya Mwalimu Hamadi. Ilisema neno hilo lina asili ya kale, na shina lake ni “mahali”. Zamani lilimaanisha kuweka kitu mahali pake. Maana ya leo iliandikwa chini yake, nami kwa furaha ya kugundua asili sikufika huko. Nikarudi mbio.

“Bibi, anataka kuniweka mahali.”

Bibi aliacha kukata sabuni. “Akuweke wapi? Wewe mzigo? Mwambie mtoto ana pahala pake.”

Nikaandika hivyo hivyo, nikapeleka hotelini. Baada ya siku tatu Mwalimu Hamadi alikuja kuchukua kamusi yake, akaamkia, akaitikiwa marahaba, akaisoma barua, akasema neno lile ni kutunuku: mgeni alitaka kunilipia masomo. “Kutoa ni moyo, Bi Mize, usambe ni utajiri.”

“Na kupokea je, mwalimu?” Bibi aliuliza kwa upole. “Mkubwa ndiye humtunuku mdogo. Mimi huyo hata hodi hajanipigia.”

Mgeni alikuwa ameshaondoka. Nililia siku mbili, kisha nikaanza sekondari ya kijijini.

Leo nafasiri nyaraka Mji Mkongwe, na binti yangu hupata kwenye simu maana ya neno kabla sijamaliza kulitamka. Namwonea wivu, na namhofia pia. Mpaka sasa sijui kama nilikosea tafsiri, au kama kosa langu ndilo lililoisema barua ile sawasawa. Wala sijui Bibi angejibu nini lau ningesoma mpaka chini. Aliishi miaka kumi na tisa baada ya hapo, na sikumuuliza.