Walinzi Mudomoni mwa Josias

Bwana yangu Josias anapuliza tarumbeta katika fanfari, ile bendi ya kanisa letu hapa Murara, tangu hatujaoana. Ni mubishi, kusema pole hajui, lakini akianza kupuliza, hata mimi niliyetoka kumugombeza nanyamaza. Sasa fikiria mutu wa namna hiyo jino la mbele lianze kucheza!

Fanfari yetu ina desturi. Anayepoteza jino la mbele anakabidhi tarumbeta mbele ya waumini wote, anahamia kwenye ngoma kubwa. Muzee Twagirayezu yalimukuta hayo, na mpaka leo anaipiga ile ngoma kwa hasira. Josias hakuthubutu hata kumutazama.

Ilianza na damu. Kila akimaliza kupuliza, kitambaa alichopangusia mudomo wa tarumbeta kilikuwa na wekundu. Kwa wapuliza tarumbeta mwenye kosa anajulikana: chuma cha mudomo wa tarumbeta! Akakisugua kwa tupa, akakizungushia uzi, akaazima kingine. Damu ileile. Na kwa sababu muswaki nao ulitoa damu, akauacha, ati fizi zipumzike. Zipumzike! Jino lilipoanza kutikisika, nikamukokota mpaka Himbi kwa docteur Aurélie, munganga wa meno.

Docteur akatuonyesha kwa kioo kidogo ukoko mugumu uliojificha chini ya ufizi.

"Papa Josias, chuma hakina kosa. Ni uchafu huu, umegeuka jiwe, na umejaa vidudu."

"Kumbe vidudu ndivyo vinakula jino," nikasema.

"Vinachokoza, mama. Lakini kubomoa, wanabomoa sana walinzi wenu wenyewe."

Akaeleza polepole. Katika nyama ya ufizi walinzi hao wana vipokezi vidogo visivyoonekana kwa macho. Vikigusa koti la kidudu, vinajua huyu si wa kwetu. Hata katika ufizi muzima vipo, saa hii, tunapoongea: vinahisi, vinaita kidogo, mambo yanaisha. Lakini uchafu usipoondoka, vinaongezeka, vinaita bila kupumzika, askari wa mwili wanajaa, na ule uvimbe unakula mufupa unaoshika jino.

"Nani alivifundisha kumujua adui?" nikauliza.

"Hakuna, mama. Mutu anazaliwa navyo."

Mungu wangu! Tulipofika nyumbani nilimupakata mujukuu wetu, mutoto wa Gradi, akapiga miayo, nikachungulia. Hana hata jino moja, na walinzi wamo tayari! Nikachungulia tena, mutoto ananishangaa.

Lakini kabla hatujatoka kwake, docteur alikuwa amekwangua lile jiwe lote, Josias ameng'ang'ania kiti.

"Mufupa uliokwenda sitaurudisha," alimwambia. "Lakini tumeondoa kinachowachokoza walinzi. Wakitulia, jino linaweza kushika. Piga muswaki hata damu ikitoka. Na tarumbeta iache mpaka mimi niseme."

Kila asubuhi nilisimama nyuma yake kwenye beseni kama polisi.

"Mama Gradi, unaniua!"

"Sugua, papa."

Tarumbeta ikaning'inia kwenye musumari. Nyumba ilikuwa kimya sana, na nasema wazi, nilikumbuka ile kelele mpaka nikaumwa moyo. Damu ikapungua. Lakini jino, kila nikimwambia aliguse kwa ulimi aone kama bado linacheza, alikataa.

Docteur alimuruhusu kabla ya Pasaka. Siku yenyewe ya Pasaka Muzee Twagirayezu akapiga ngoma, Josias akainua tarumbeta. Wimbo wenyewe siukumbuki, macho yangu yalikuwa mukononi mwake. Alipomaliza, akatoa kitambaa, akapangusa mudomo wa tarumbeta, akapangusa na wake, akakitazama. Kisha akakiinua juu ya vichwa vya watu wote, akakigeuza upande wa mabenchi ya wamama, nikione.

Kilikuwa cheupe pe. Nililia kwa sauti, bila haya, na mama wa pembeni akanikumbatia, akidhani nalilia ufufuko.